Nyuma ni ngumu kwa sababu ni laini: kabla hujanunua linkeji ya motokrosi

"Shikamoo fundi. Nina miaka 27, niko Dodoma, nafanya kazi ofisini Mtumba, na wikiendi tunaendesha motokrosi na wenzangu kwenye njia tuliyoichonga wenyewe nje ya mji, upande wa Hombolo. Mwaka jana nilinunua pikipiki ya Kijapani iliyotumika, cc 250, mipigo minne. Uzito wangu ni kilo 94, urefu sentimita 168. Shida iko nyuma. Kwenye vimawimbi vya udongo vya kabla ya kona inanirusha, mara nyingine inakwenda upande, na nikitua kutoka tuta kubwa nasikia 'kah!' mpaka kwenye uti wa mgongo. Nimelegeza skrubu zote za shokapu hadi mwisho, bado ngumu. Nimeona mtandaoni linkeji ya kubadilisha (vile viungio vya chini ya shokapu ya nyuma), inatoka Marekani, wanasema inalainisha nyuma na kushusha pikipiki. Fundi wangu anasema nisipoteze dola, atanikatia vijiti virefu zaidi kwa bamba la chuma. Mwingine kaniambia KTM hazina linkeji kabisa, kwa hiyo niitoe tu. Nifanye lipi? Hela ninayo, ila sitaki kununua mara mbili."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, maana umetaja uzito wako na umetaja ulichokwisha kukigusa. Wengi wananiandikia "nyuma inasumbua", basi, wamemaliza. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonisimamisha si linkeji. Ni hizo kilo 94, halafu ni ile kauli kwamba umelegeza skrubu zote na bado ngumu.

Nikwambie mapema ninavyofikiri, kisha nieleze. Nyuma ya pikipiki yako ni ngumu kwa sababu ni laini mno. Najua inasikika kama kitendawili, na ukienda kumwambia fundi wako atacheka. Lakini ukishaelewa linkeji inafanya kazi gani, utaona hakuna kitendawili chochote, na utaona pia kwa nini kukimbilia kuibadilisha kunaweza kukutoa hela na kukuacha palepale.

Inama ubavuni mwa pikipiki uangalie. Kuna mkono mkubwa unaoshika gurudumu la nyuma; mafundi wetu wanauita swingamu. Shokapu imesimama katikati, na kwenye pikipiki kama yako mguu wake wa chini haukufungwa moja kwa moja kwenye swingamu. Umefungwa kwenye kipande cha alumini chenye umbo la pembetatu, roka, na roka hiyo inashikiliwa na vijiti viwili, au kwa pikipiki nyingine kipande kimoja chenye umbo la herufi H. Roka, vijiti, bolti na beringi zake, hiyo yote kwa pamoja ndiyo linkeji.

Kazi yake? Bila shaka umewahi kuona watu waking'oa jiwe shambani kwa mtaimbo. Ukiushika mwishoni kabisa, jiwe linanyanyuka kwa nguvu kidogo, ila mkono wako unasafiri mbali. Ukisogea karibu na jiwe, mkono unasafiri kidogo tu, lakini jasho linakutoka. Kwenye pikipiki, gurudumu ndiyo mkono na springi ya shokapu ndiyo jiwe. Linkeji ni kama mtu anayesogea kwenye mtaimbo taratibu kadiri gurudumu linavyopanda: mwanzoni ameshika mwisho wa mtaimbo, kazi nyepesi, gurudumu linameza vijiwe vidogo bila kelele. Linapokaribia kufika juu kabisa, amekwisha kusogea jirani na jiwe, na hapo kila milimita inayoongezeka ni ya kupigania. Ndiyo maana pikipiki moja inaweza kupita juu ya kokoto kwa ulaini na bado ikakubeba ukitua kutoka angani.

Tuiweke kwa namba, maana wewe ni mtu wa ofisini, utapenda. Gurudumu la nyuma la motokrosi ya watu wazima husafiri kama milimita 300 na ushee, wakati shokapu yenyewe inaingia kama 130 tu. Kwa wastani, gurudumu likipanda milimita 2.3 au 2.4, shokapu inaingia milimita 1. Lakini huo ni wastani. Uwiano wenyewe unabadilika njiani, na hapo ndipo ufundi wa linkeji ulipo. Tuseme unaanza 3 kwa 1 na kuishia 2 kwa 1 (nimetia chumvi kidogo ili uone vizuri), na springi yako ina ugumu wa niutoni (kipimo cha nguvu) 54 kwa milimita. Ugumu unaofika kwenye gurudumu ni ugumu wa springi ukigawanywa kwa uwiano uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanzoni ni 54 kugawa kwa 9, yaani niutoni 6 kwa kila milimita. Mwishoni ni 54 kugawa kwa 4, yaani 13.5. Springi ni ileile, hakuna aliyeigusa, lakini gurudumu limekuwa gumu zaidi ya mara mbili. Na upinzani wa mafuta ndani ya shokapu nao unafuata njia hiyohiyo.

Sasa mpandishe juu yake mtu wa kilo 94. Pikipiki za motokrosi za cc 250 hutoka kiwandani na springi iliyokusudiwa mwendeshaji wa kilo 70 hadi 75 hivi. Wewe ukishavaa buti, helmeti, kinga ya kifua na mfuko wa maji mgongoni, umepita 100. Springi hiyo inakubeba, ndiyo, lakini inakubeba ikiwa imekwisha kuzama. Yaani unapoendesha kwenye tambarare, kabla hujakutana na wimbi hata moja, gurudumu lako tayari limekula sehemu laini ya safari na limekaa pale ambapo yule mtu wa mtaimbo ameshasogea karibu na jiwe. Wimbi la kwanza linakukuta kwenye ugumu. La pili linakukuta chini zaidi. Unahisi ubao. Unasema "ngumu", unalegeza skrubu, nyuma inazama zaidi kwenye ugumu, unalegeza tena. Nimewaona vijana wakizunguka kwenye mduara huo msimu mzima.

Halafu kuna jambo ambalo umelitaja kwa haraka kana kwamba ni dogo. Umelegeza skrubu *zote*. Shokapu yako ina skrubu za aina mbili. Zile za juu, kwenye kichupa cha pembeni, ni za kompresheni: zinazuia shokapu isiingie kwa kasi. Ile ya chini kabisa, karibu na roka, ni ya ribaundi: inazuia shokapu isirudi kwa kasi. Ukiilegeza ya chini hadi mwisho, umeondoa breki ya kurudi. Springi iliyobanwa na kilo 100 inaachiwa kama manati. Huko kurushwa unakokuona kwenye vimawimbi, na nyuma kwenda upande, sehemu kubwa nadhani umejitengenezea mwenyewe kwa bisibisi. Kabla hujalala leo, izungushe kila skrubu kwenda ndani taratibu hadi igote, bila kuikaza kwa nguvu, kisha irudishe nje kwa idadi ya mibofyo (zile hatua za 'tik') au mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Kama huna kitabu, watengenezaji wengi wanakiweka mtandaoni bure. Hiyo haikugharimu hata shilingi.

Kesho asubuhi, chukua futi ya fundi seremala na wenzio wawili, tupime.

Weka pikipiki kwenye stendi ya kuinulia, gurudumu la nyuma likining'inia. Chagua mahali kwenye madigadi ya nyuma, juu ya ekseli moja kwa moja, weka alama kwa kalamu ya wino mzito. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama ile. Tuseme umepata 610. Ishushe pikipiki isimame kwa matairi yake, iminye mara mbili tatu, pima tena bila mtu juu. Tuseme 575. Sasa vaa kila kitu, kila kitu kabisa, hadi buti na helmeti, panda usimame kwenye pedali huku mwenzio mmoja akishika usukani, kisha ukae kwenye siti mahali unapokaa kawaida. Mwenzio wa pili apime. Tuseme 480. Tofauti ya kwanza ni milimita 35: huo ni mzamo wa pikipiki peke yake. Tofauti kati ya 610 na 480 ni 130: huo ni mzamo wako. Kwa motokrosi ya ukubwa huu tunatafuta mzamo wa pikipiki peke yake kati ya 30 na 40, na mzamo wa mwendeshaji karibu 100 hadi 108.

Namba hizo 610, 575 na 480 nimezibuni ili ujue hesabu, lakini sitashangaa zako zikikaribiana nazo. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata mafundi. Ukiona 130, akili inakutuma ukaze nati kubwa ya juu ya springi mpaka ipatikane 105. Sawa, ikaze. Sasa shuka, pima tena pikipiki ikiwa peke yake. Kama mzamo wake umebaki 12 badala ya 30 na kitu, springi ni laini mno kwako. Rudia kusoma: *pikipiki kusimama juu sana bila mtu ni dalili ya springi laini, si springi ngumu.* Umelazimika kuikandamiza sana springi dhaifu ili ikubebe, kwa hiyo ukishuka inaisukuma nyuma juu kabisa. Ikiwa kinyume chake, yaani umepata 105 yako na pikipiki peke yake inazama 50, hapo springi ni ngumu mno kwa mwili wako. Nimeshawahi kubishana na fundi mwenye uzoefu kuliko mimi juu ya jambo hili hadi tukapima pikipiki nne mfululizo uani kwake. Ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha.

Kuna mtuhumiwa wa pili, na kwa mji wetu huyu simwachi. Ni beringi za linkeji.

Ndani ya kila kiungio cha linkeji kuna beringi za sindano: vijiti vyembamba vya chuma vilivyopangwa kuzunguka bomba dogo, na sili za mpira pembeni. Zinabeba mzigo mkubwa lakini hazizunguki mzunguko kamili. Zinayumba tu huku na huku mahali palepale. Grisi ikiisha, sindano zinachimba vishimo vyake na kubaki humo. Ziko mahali pabaya kuliko pote, chini ya pikipiki, mbele ya tairi, zinapigwa na kila kinachorushwa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na wakati huo tope la mbuga linajibana mle kama saruji. Miezi iliyobaki ni vumbi jekundu na upepo. Vumbi likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia vali. Kisha Jumapili jioni unaipeleka kwa vijana wa kuosha magari, wanaelekeza mashine ya presha kwenye roka kwa karibu ili ing'ae, na maji yanapita sili kwenda ndani. Inang'aa nje, inaoza ndani.

Beringi zikiwa zimekauka, linkeji inakataa kusogea kwa mawimbi madogo, halafu inakubali ghafla kwa kishindo. Dereva anahisi ugumu. Zikiwa zimelika, unapata mchezo: nyuma inagonga, inayumba kwenye kona. Kujua ni rahisi. Pikipiki ikiwa kwenye stendi, shika tairi la nyuma kwa chini, linyanyue na kulishusha kwa mikono polepole. Shokapu isiposogea lakini tairi likacheza, kuna mchezo mahali. Mwenzio aweke kidole kwenye kila kiungio, atasikia ni kipi. Usisahau beringi ya juu ya shokapu. Nayo hucheza, na lawama inaiendea linkeji. Milimita moja ya mchezo kwenye roka unakuwa milimita mbili tatu kwenye tairi, kwa sababu ileile ya mtaimbo.

Mtihani wa kweli ni kufungua. Toa bolti ya chini ya shokapu, nyanyua swingamu kwa mkono uone kama inapanda na kushuka bila kukwaruza. Kisha fungua linkeji yote. Ukiona sindano za rangi ya chai, au bomba lina mistari inayokwama kwenye ukucha, usijaribu kuzipaka grisi ukajifariji. Badilisha seti nzima na mabomba yake na sili. Kuna kampuni zinazouza seti kamili kwa kila aina ya pikipiki, All Balls na Pivot Works ni mbili zinazojulikana, na bei yake haifiki ya linkeji mpya. Pikipiki iliyotumika, ambayo hujui nani aliifungua mara ya mwisho, mimi naanzia hapo kila siku.

Kuzitoa na kuziingiza kusifanywe kwa nyundo. Jiliwa iliyofungwa vizuri mezani inatosha, ukitumia soketi ya spana yenye upana sahihi kusukumia. Kuna ujanja: laza beringi mpya kwenye friza usiku kucha, ndani ya mfuko uliofungwa, pembeni ya barafu za ubuyu za watoto, na roka iachie juani saa saba mchana. Jua la Dodoma halikosi kazi. Chuma kinasinyaa, alumini inatanuka, beringi inaingia kwa heshima. Jaza grisi inayostahimili maji, ile wanayotumia kwenye boti, si ile ya kopo lililokaa wazi gerejini limejaa mchanga. Bolti zikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Baada ya hapo fungua, safisha na upake upya kila masaa 20 hivi ya kuendesha, mapema zaidi ukiwa umepita tope.

Sasa tuje kwenye hao washauri wako.

Wa KTM amesikia nusu ya habari. Ni kweli KTM walitumia kwa miaka mingi mfumo wao wa PDS ambao shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye swingamu, bila roka wala vijiti, na pikipiki zao nyingi za EXC, za enduro (mbio ndefu za porini), zimeendelea nao. Lakini pikipiki zao za motokrosi, SX, walianza kuzirudishia linkeji tangu matoleo ya 2011. Na hata ile PDS, shokapu yake imebuniwa toka mwanzo kufanya ndani yake kazi ambayo kwako inafanywa na linkeji, na imefungwa mahali pengine kwa pembe nyingine. Wajapani wenyewe walipita njia ndefu kufika hapo: Yamaha walianza miaka ya 1970 na shokapu moja iliyotokana na wazo la Mbelgiji Lucien Tilkens, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kawasaki, Suzuki na Honda kila mmoja akaja na linkeji yake. Kuitoa linkeji kwenye pikipiki iliyobuniwa nayo haiwezekani. Shokapu haitakuwa na pa kushika, na ukiilazimisha itafungwa kwa pembe ambayo uwiano wote umevurugika. Mshukuru, umwache.

Fundi wa bamba la chuma ana nia njema, na nia njema ndiyo iliyoniponza mimi. Miaka ya nyuma nilijichongeshea vijiti vya namna hiyo kwa bamba nene, nikaamini macho na rula. Tundu moja lilipishana na mwenzake nusu milimita. Kijiti kimoja kikawa kinabeba mzigo, kingine kinasindikiza. Bolti iliinama na beringi zililika upande mmoja kabla ya wiki mbili kuisha, na nilikuwa na bahati kwamba niligundua kwenye stendi, si hewani. Ukitua kutoka tuta, nguvu inayopita kwenye vijiti hivyo ni mara kadhaa ya uzito wako na wa pikipiki kwa pamoja. Kama ni lazima kuchongesha, ifanyike kwenye karakana yenye mashine za kupimia na kukereza, si kwa grainda, drili ya mkono na kuchomelea.

Tena, kurefusha vijiti si kushusha siti tu. Kwa pikipiki nyingi za Kijapani kijiti kirefu kinashusha nyuma, lakini safari yote ya gurudumu inahamia juu kuelekea madigadi, kwa sababu shokapu inaingia kiasi kilekile. Yaani siku utakapogota chini kabisa, tairi linaweza kukutana na madigadi au fremu ndogo ya nyuma. Yeyote anayebadilisha urefu, awe ametoa Marekani au Majengo, lazima atoe springi, aache shokapu tupu, anyanyue gurudumu hadi igote, aone nafasi iliyobaki. Pia nyuma ikishuka, shokapu za mbele zinalala zaidi: pikipiki inatulia kwenye kasi, ila inakuwa nzito kuingia kona kali. Utalazimika kupandisha mirija ya mbele kwenye kishikio chake kwa milimita chache ili kurudisha uwiano. Kitu kimoja kinavuta kingine.

Kwa hiyo linkeji ya Marekani ni utapeli? Hapana, na sitaki uniweke kwenye kundi la wazee wanaokataa kila kipya. Kampuni kama Pro Circuit na Ride Engineering zinatengeneza vijiti na roka kwa umakini mkubwa, na vinafanya kazi iliyosemwa. Vinabadilisha ule mwendo wa mtu wa mtaimbo: vinashusha nyuma kidogo, vinaifanya pikipiki itulie kwenye njia ya kasi yenye mawimbi yanayochimbwa na matairi watu wanapoongeza mwendo, na swingamu ikilala zaidi, tairi linashika ardhi kwa namna tofauti unapopiga resi kutoka kwenye kona. Mshindani ambaye springi yake ni sahihi, shokapu imefanyiwa sevisi, beringi ni mpya, na bado anataka kupunguza sekunde moja, huyo namwambia nunua. Vimebuniwa vikidhani hayo yote yamekamilika. Wewe ukivifunga leo juu ya springi ya mtu wa kilo 72, utaanza ukiwa umezama kuliko ulivyo sasa. Utahisi tofauti wiki ya kwanza, kwa sababu chochote kikibadilika unahisi tofauti, kisha "kah!" itarudi.

Umetaja urefu wako, na hilo nalichukulia kwa uzito. Siti ya motokrosi iko karibu milimita 950 kutoka ardhini. Kwa sentimita 168 miguu inaning'inia, na ukianguka mara tatu kwenye mstari wa kuanzia unakata tamaa. Lakini njia ya kwanza ya kushuka ni sponji. Mafundi wanaoshona viti vya bodaboda hapo mjini wanaweza kukata sponji milimita 20 na kurudisha kava vizuri kwa bei ya kawaida kabisa. Waambie wasiondoe pale mbele karibu na tangi, bali katikati unapokalia. Hiyo haigusi linkeji, haigusi kona, na ukijuta unabadilisha sponji.

Ningekuwa wewe, hela ningeitoa kwa mpangilio huu. Beringi kwanza, kwa sababu bila hizo kila kipimo kitadanganya. Kisha springi ya nyuma inayolingana na uzito wako ukiwa umevaa. Wauza springi wana majedwali, unaweka uzito na aina ya pikipiki unapewa namba, na kwa mwili wako nategemea iwe hatua mbili au tatu juu ya ya kiwandani. Usiishie nyuma. Ukiipandisha nyuma ukaacha mbele na springi za mtu mwepesi, pua itazama kila ukishika breki. Kama shokapu zako za mbele ni za upepo, basi ni suala la pampu na kitabu tu. Baada ya springi ngumu zaidi, kaza ribaundi mibofyo miwili, maana ina nguvu zaidi ya kurudi. Endesha mwezi mzima kwenye njia ileile ya Hombolo, mawimbi yaleyale. Ndipo tuzungumze linkeji.

Yapo ambayo usiyaguse wewe wala fundi wa mtaani. Shokapu ina gesi ya naitrojeni yenye presha ya karibu bar 10, na kuna vali ndogo inayomvutia kila mwenye bisibisi. Usiifungue. Na asikudanganye mtu kujaza upepo wa kompresa ya matairi badala yake. Una unyevu na oksijeni, na mafuta yataharibika. Ukiona mafuta yanavuja kwenye fimbo ya shokapu, au fimbo ina mikwaruzo, au shokapu inaingia na kutoka bila upinzani wowote hata baada ya kukaza skrubu, hiyo inataka mtu mwenye vifaa vya kuifungua na kujaza naitrojeni. Waulize watu wa magari ya rali Dar es Salaam au Arusha. Shokapu zao nazo hutumia gesi, na wanajua nani anazihudumia. Vilevile ukikuta ufa kwenye masikio ya fremu ambako linkeji imefungwa, au tundu la bolti limekuwa yai, pikipiki isiwashwe hadi fundi mwenye uzoefu wa alumini aiangalie kwa macho yake, si kwa picha. Na mgongo wako: kama maumivu ya kutua yanabaki siku mbili tatu, au mguu unakufa ganzi, hilo si la fundi. Nenda hospitali.

Nitumie mambo manne: zile namba tatu za futi, zako, si za kwangu, idadi ya mibofyo uliyokuta kwenye kila skrubu ulipozikaza, namba ya springi iliyoandikwa kwa rangi au kuchapwa pembeni yake, maana mwenye pikipiki wa kwanza huenda alishaibadilisha, na picha ya sindano za beringi ukishafungua, uzifute kwanza. Linkeji iache kwenye kikapu cha huko mtandaoni, haitaozea humo.